Msomaji Aliyeruka Mistari

Fangaloto,
Vava'u, Tonga.
23 Septemba

Mpendwa mwanangu Pisila,

Hujambo, mama? Baridi ya Auckland imekuachia vidole, au bado unalala na soksi? Mgongo wa mume wako unaendeleaje? Mwambie aache kubeba makochi ya watu kanisani, yeye si kijana tena. Na wajukuu zangu, bado wanakula mkate kutwa kama ndege? Sisi huku ni wazima, Mungu anatushika. Goti langu linalalamika mvua ikikaribia, lakini siku litakaponyamaza ndipo nitaogopa.

Nyangumi wamejaa ghubani mwaka huu. Mchana nikijinyoosha baada ya kula, nawasikia wanavuta pumzi kule nje, na kwa kuwa macho yangu yamekwisha fumba nusu, sijui kama ni wao au ni marehemu baba yako anakoroma pembeni yangu. Basi nanyamaza nisije nikamwamsha. Majuma mengi nimeishi hivyo, mguu mmoja ndotoni, ndiyo maana barua hii imechelewa.

Anayeandika ni Soana, mke wa mchungaji, kama siku zote. Nimemwambia aandike ninavyosema, asinipambe.

Sasa keti chini. Usinisome ukiwa umesimama jikoni. Nataka kusema juu ya Lupe.

Ulisema kwenye simu kwamba msichana aliyerudisha karatasi tupu ya mtihani hana anachongoja shuleni, basi aje kwako akulelee watoto. Wewe ni shangazi yake, neno lako liko juu ya neno la baba yake. Kaka yako Maka aliinamisha kichwa akasema, "Dada amesema," akaenda zake shambani kwenye viazi vikuu. Mimi sikuinamisha chochote. Nilikwambia ngoja, nawe ukanuna. Tikiti usikate kabla hujafika mwisho wa barua hii.

Unamjua mtoto huyu. Ukimsimulia jambo, analo mpaka mwaka kesho. Ukimwekea maandishi mbele, maskini, herufi hazitulii. Aliniambia zinamwendea kama dagaa kwenye maji ya kina kifupi: ukiingiza mkono, zote zimegeuka upande. Wewe ulisema ni uvivu. Mwalimu wa kike aliyekuja toka Nuku'alofa alikaa naye kutwa, akasema si uvivu na si macho, ni namna kichwa chake kilivyoumbwa, na kwamba mtoto wa namna hii ana haki ya kusomewa mtihani na kuandikiwa majibu anayoyasema, tena kwa muda mrefu kuliko wenzake. Nilimpikia mwalimu yule majani ya magimbi kwa tui, akala hadi akalegeza mkanda.

Basi siku ya mtihani ikaja. Lupe akapewa chumba chake peke yake, kile kidogo kando ya maktaba. Msomaji akatumwa toka mji mkuu ili asiwe mtu wa hapa atakayempendelea. Walimpa msomaji namba ya mtahiniwa tu, jina hapana. Mambo safi kabisa kwenye karatasi.

Mlango ukafunguliwa, akaingia Kilifi.

Ndiyo, Kilifi yule yule, mtoto wa mama mkubwa wa Lupe, aliyekulia Nuku'alofa na sasa ni mwalimu. Ana jina la ukoo wa baba yake, basi hakuna mkubwa wa mitihani aliyejua kuwa ni ndugu. Pisila, kwa mwiko wetu wa kaka na dada, wewe na Maka tangu ulipovunja ungo hamjaketi chumba kimoja mlango ukafungwa. Redio ikiimba habari za mapenzi, mmoja wenu anatoka nje kana kwamba amekumbuka nguruwe wake. Sasa wafikirie hawa, kaka na dada, wamefungiwa chumba cha ukubwa wa kitanda, asubuhi nzima.

Mimi sikuyajua haya. Mtoto alirudi nyumbani akalala ameelekea ukutani. Hakula. Alipita kati yetu kama moshi. Watu wakasema karatasi yake ilikuwa nyeupe kuanzia ukurasa wa pili, na mimi nikamwacha, kwa kuwa maneno mengine ukiyavuta yanakatika.

Yalitoka yenyewe tulipokuwa tunaponda magome kwa ajili ya nguo ya arusi ya binti wa Soana. Unakijua kile kibanda wanawake wote wakiwa wamepanga magogo, nyundo za mbao zinalia pamoja, na baada ya muda hujui tena mkono wako ni upi. Kichwa kinaelea. Gome linapanuka chini yako kama maziwa yaliyomwagika, na mtu anaweza kusema jambo lolote kwa aliye jirani yake, hakuna mwingine atakayesikia. Lupe alikuwa kushoto kwangu. Hakuinua macho.

"Bibi, alikuwa Kilifi."

"Kilifi wapi?"

"Chumbani. Ndiye aliyenisomea."

Nyundo yangu ikakosa gome ikapiga gogo. Nikamwambia endelea kugonga, na useme.

Akasema Kilifi aliketi ameupa uso ukuta, akasoma mbio kama mtu anayekimbia mvua. Hadithi ya kwenye mtihani ilikuwa ya msichana na mchumba wake wanaagana gatini. Alipofika pale walipokaribiana, Kilifi akakohoa. Akafunua ukurasa. Kufumba na kufumbua yule kijana amekwisha ondoka na meli, na msichana yuko nyumbani analia na kucheka. Kisha likaja swali: kwa nini analia na kucheka?

"Nilijua ameruka mistari, Bibi. Ningemwambiaje arudi asome?"

"Ungemwambia, 'Kaka, nisomee wanavyobusiana!'"

Pisila, mtoto alicheka mpaka nyundo ikamdondoka, kisha akalia hapo hapo, na mimi nikawaza kwamba swali lile la mtihani sasa angeweza kulijibu vizuri kuliko mtu yeyote.

Kesho yake nilivaa mkeka wangu wa heshima kiunoni, ule mzuri wa mazishi, nikaenda kwa mwalimu mkuu. Bwana Feleti ni mtu wa adabu, alinipa kiti na chai.

"Mama, tulimpa kila kitu," akasema. "Chumba, muda, mtu wa kumsomea na kumwandikia. Yote yamewekewa alama ya vema."

"Mlimpa kaka yake."

"Lupe hana kaka."

"Mama zao wamezaliwa tumbo moja. Uliza Vava'u nzima. Kikombe hiki cha chai ukinifungia kwenye sanduku, utasema umenipa chai?"

Akaanza kucheka, akajizuia, kisha akashika kichwa. Yeye naye ana dada. Akampigia Kilifi simu mbele yangu, na simu yake ina sauti kubwa kama ya kiziwi.

"Mwalimu Kilifi, ni kweli uliruka mistari?"

Kilifi akajibu: "Ndiyo, mkuu. Nilipomwona mlangoni nilitaka kusema, lakini ningesemaje mbele yake?"

"Uliruka mingapi?"

"Yote yenye mikono."

Basi nikamwombea mtoto wa watu msamaha moyoni, maana naye alikuwa mfungwa mle ndani. Yuko radhi kuandika ushahidi, akasema, hata kazi ikimponyoka.

Lakini wakubwa wa mitihani kule Nuku'alofa hawakukubali upesi arudie mtihani na msomaji wa kike. Bwana Feleti aliniita tena akasema wana hofu. Wakimpa mwanamke anayemjua, atamtilia majibu mdomoni. Na hata akiwa mgeni, kuna wanaouliza, jibu lililoandikwa kwa mkono wa mwingine ni alama ya nani?

Nikamwambia, "Feleti, barua zangu zote kwa binti yangu huandikwa na Soana. Mimi sijui hata herufi ya kwanza ya jina langu. Siku niliyomwita binti yangu mkaidi kama nguruwe, alimnunia nani, Soana au mimi?"

"Alikununia wewe, mama."

"Basi."

Soana ananiangalia vibaya hapa, lakini ameandika.

Mwishowe wakaja na njia. Wangemleta mwanamke toka kisiwa kingine, na kabla ya yote waulize koo za wote wawili mpaka kwa mababu. Lupe akutane naye siku moja kabla, waongee, sauti zizoeane. Kinasa sauti kiwekwe mezani, ili mwenye shaka asikilize kama kuna jibu alilotiliwa mdomoni. Na msomaji asome kila neno, akiombwa arudie, arudie. Nikauliza, hili ni jambo kubwa hivyo lililohitaji mvua na jua kupita juu yake? Bwana Feleti akasema hakuna mtu aliyewahi kuwaambia. Kwenye fomu yao wanauliza kama majina ya ukoo yanafanana, basi.

Siku ya marudio nilikwenda na wanawake wawili, tukaketi kwenye nyasi upande wa kivuli, mbali kidogo. Tulikatazwa kusogea. Yale madirisha ya vipande vya vioo yalikuwa wazi kwa ajili ya joto, na maneno hayakutufikia, sauti tu. Sauti ya mwanamke inapanda na kushuka, inanyamaza. Kisha ya Lupe. Kisha ya mwanamke inarudi nyuma, taratibu, kama anayemshika mtoto mkono avuke kijito mahali pale pale kwa mara nyingine. Kule ghubani nyangumi walikuwa wakipumua. Nilisinzia, nikaota niko darasani, mimi, mzee mzima na meno machache, na mtu fulani ananisomea jina langu, na ninaitika. Nilipoamka uso wangu ulikuwa na maji, na wenzangu walijifanya wanatazama kuku.

Majibu yameletwa Ijumaa. Amepita, Pisila. Hakupita kama nyota; amepita kama mtu. Hesabu nzuri sana, historia nzuri, na lile somo la hadithi kakosa maswali kadhaa. Maka alishika karatasi kwa mikono yote miwili, akasema pole kwa yale makosa. Mtoto akaichukua karatasi, akaweka kidole penye wino mwekundu, uso umemng'aa.

"Baba, haya nimeyakosa mwenyewe."

Akamwonyesha jirani. Akamwonyesha Soana. Nilidhani atanionyesha aliyopatia, lakini kwangu pia alianza na makosa.

Sasa wewe ni shangazi, na siwezi kukupokonya nafasi yako, lakini kumbuka kwamba shangazi huyo nilimzaa mimi, tena kwa taabu. Watoto wako watafutie mlezi huko huko. Lupe anaingia kidato cha sita. Nyumba hii ikikosa nguvu zake akiwa masomoni nitajua la kufanya, na wewe kwako pia utajua. Ukikubali, mpigie Maka umwambie kwa kinywa chako, maana yeye bado ameinamisha kichwa, na shingo ya mtu si ya chuma.

Msalimie mume wako, Sepeti, na wajukuu wangu 'Ilaisa na Kalo, uwabusu kwenye paji la uso palepale ninapobusu mimi. Maka anakusalimu. Soana na mchungaji wanakusalimu, ingawa Soana amechoka mkono. Lupe anasema nikuandikie kwamba anakupenda, shangazi, na kwamba hajakasirika.

Mungu akufunike kwa mkeka wake mpana, upate usingizi mzuri hata bila soksi.

Mimi niliyekubeba, nikupendaye hata ukininunia,

Mama yako,
Falakika