Bati Linalokunywa Ukungu

4 Machi

Mama mpendwa,

Shikamoo. Natumaini goti limepoa na kikohozi kimekuacha. Mimi mzima, ila usingizi sina.

Kaka ameniandikia. Anasema kisima cha mtaa kimekauka kabisa na mwisho wa Juni anakuja na lori kukuhamishia kwake, upende usipende. Mama, usifunge hata mzigo mmoja. Kwenye kifurushi hiki kuna bati nililotengeneza hapa maabara. Nimeiga mgongo wa mdudu mmoja wa jangwani anayekunywa ukungu. Lina vinundu vidogo sana, huvioni bila hadubini. Vinundu vinanasa unyevu, na katikati yake pana utelezi kama wa nta, basi tone likinenepa linaporomoka lenyewe. Hapa nimelijaribu kwa ukungu wa mashine, na mkuu wangu anasema huo si ukungu. Wa kwako ndio wenyewe. Lisimamishe ukuta wa nyuma, lielekee bondeni, uweke ndoo chini.

Mwanao,
Kibiriti

20 Machi

Kibiriti wangu,

Marahaba. Goti lipo, kikohozi kimehamia kwa jirani.

Bati limesimama ulivyosema. Ndoo kavu! Ukungu unakuja mzito, unapita zake kama mgeni aliyekosea nyumba. Yule jirani fundi cherehani amecheka mpaka akakaa chini. Usijisumbue, mwanangu. Kaka yako ana nia njema, ingawa mkewe ananuna na nyumba yao ni ngazi tupu. Inaniuma kuiacha nyumba niliyoijenga na baba yako, sikufichi. Nalia kidogo, kisha naendelea na kazi.

Mama yako

1 Aprili

Mama,

Shikamoo. Pole kwa yote.

Mimi sikubali. Nimerudia vipimo kwa kipande kilichobaki huku na maji yanatiririka. Kuna kitu kimelipata hilo bati. Niambie kila ulichofanya tangu ulipofungua kifurushi, hata kama unaona ni upuuzi.

Mwanao

9 Aprili

Marahaba, afande!

Afya njema, ahsante kwa kutouliza. Nilifungua kifurushi. Bati limefifia, kama limepakwa unga. Nikasema, mwanangu na elimu yake yote ananitumia kitu kichafu hivi, majirani wakione ukutani kwangu? Nikalisugua kwa sabuni na ule waya wa sufuria. Sasa unaweza kujitazama humo ukachana nywele. Ndipo nikalisimamisha. Hayo tu.

Mama yako

17 Aprili

Mama,

Shikamoo. U hali gani? Haya, nimeuliza.

Nimecheka mpaka mkuu akaja kuchungulia, halafu nikalia. Umesugua kazi ya mwaka mzima ikaenda na povu! Sikukuonya, na mtu aliyelelewa na wewe alipaswa kujua.

Mkuu anataka tubandike onyo: usisugue. Nimemkatalia. Kama mama yangu haruhusiwi kulisafisha, hilo si bati la nyumbani. Safari hii vinundu sivipaki juu, navichonga kwenye chuma chenyewe, na utelezi naushusha chini kati ya vinundu, waya usikofika. Naanza leo. Mpige kaka chenga, mwambie unaumwa, mwambie chochote, lakini usipande hilo lori.

Mwanao

28 Juni

Kibiriti wangu,

Hujambo? Mimi mzima wa afya, na goti nimelisahau kwa furaha.

Mabati mapya yalifika wiki iliyopita. Niliyasugua makusudi, kwa hasira zangu zote, mkono ukaniuma. Nikayasimamisha. Asubuhi nilisikia ndoo inalia. Maji hayatoshi kufulia mablanketi, lakini ya kunywa na kupikia yapo kila siku. Fundi cherehani amekuja kuomba la kwake, na wala hacheki tena.

Jana kulipokucha kaka yako akafika na lori na wabebaji wawili. Sikubishana. Wakaanza na kabati langu, mimi nikachemsha chai. Akanywa, akauliza nani ameniletea maji. Nikampeleka nyuma. Ukungu ulikuwa bado umejaa. Akasimama pale anatazama matone yanavyonenepa na kuporomoka, moja baada ya jingine.

Kisha akaenda mbele na kuwaambia wale vijana warudishe kabati ndani.

Mama yako