Yale Hayakuwa Mishiri

Kaka Quincy,

Nimeenda kazini Kitisuru. Mpashie Mama ndengu za jana. Sufuria ya bluu usiiguse, nitaisugua mwenyewe. Maji yakirudi, jaza mitungi.

Asubuhi nilipompokonya Mama sahani na kumwaga mchuzi wako, ulicheka: “Diploma ya bustani, na mishiri haijui!” Anko Harbans alikuwa mezani, nawe unajua siwezi kubishana mbele ya wageni. Basi soma.

Yale uliyopika ukidhani ni mishiri yalikuwa maganda ya jikama, mmea wangu wa kutambaa, niliyoyaacha yakomae nipate mbegu. Jikama huliwa mzizi tu, ukishamenywa. Maganda yaliyokomaa na mbegu zake ni sumu. Ulitaka kumlisha Mama sumu, tena kwa madaha, na dania juu!

Lakini mti wako wa ginko unaujua sana. Unaupangusa jani moja moja, ukingoja dawa ya kumbukumbu kutoka kwa kijiti kinachofika gotini, ambacho kitazaa tukiwa vikongwe. Jikama iliomba jua, kamba ya kutambaa, na kukatwa maua, isipokuwa machache ya mbegu, ili mzizi unenepe. Mwaka huu huu Mama atautafuna na ndimu na pilipili. Angalau mzizi hukuufikia.

Majani ya ginko yakipukutika usipige mayowe, ni kawaida yake.

~~Jioni nitaung'oa.~~ Nimeumwagilia maji. Huo angalau huupiki.

Dada yako mdogo,
Caren