Usiteme, ni Aibu

Dunda, Bagamoyo

Marahaba, Neema mjukuu wangu. Huku hatujambo. Mama yako amehamishiwa shule ya Kerege, na babu yako yupo barazani anaota jua, mguu unamsumbua kama kawaida.

Umeniuliza mvinyo wa Hombolo na wa Bihawana upi bora, maana unawapeleka wageni wako mashamba matatu ya zabibu kwa siku moja. Tangu nisome barua yako moyo haujatulia.

Ujanani mimi na babu yako tulitumwa Dodoma kuchukua divai ya misa, yeye akiendesha gari la parokia. Shambani wakatuonjesha: huu wa Hombolo, mkavu, huu wa Bihawana, una utamu kidogo. Kando waliweka ndoo ya kutemea. Babu yako alipoinama ateme, nikamfinya.

"Usiteme, ni aibu!"

Kwetu pwani, mwenyeji akikukaribisha kitu, utakitemaje mbele yake? Basi akameza kila bilauri, kwa adabu, mpaka ya mwisho.

Wakati wa kurudi, gari liliacha njia Vigwaza. Ya hapo siyaandiki. Chupa zilipona zote.

Wanaokula nyama choma wape wa Hombolo, wapenda utamu wape wa Bihawana. Lakini dereva wenu ni nani, Neema? Nakuomba asiguse bilauri, hata wenyeji wakimwona hana adabu.

Babu yako atakwambia mguu wake ni baridi yabisi. Amewaambia hivyo watu wote, miaka yote hii, ili wasijue nilimfinya.

Bibi yako anayekuombea