Jina la Tolliver Ndani ya Fomu ya Wexmoor

Dada yangu mpendwa Oleta,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, na goti lako limekubali tena ngazi za kanisa. Sisi huku Columbus miili haijambo. Na kwa bahati, Oleta, Ohio nzima hakuna anayemfikia kakako! Nimegusa kompyuta mara moja tu, na binti yako Corliss amechaguliwa na chuo cha udaktari cha Wexmoor. Nimeendesha lori majimbo arobaini na sita, sijaona kitu kama hiki.

Fomu ya kwanza ya maombi, kama unavyojua, ni moja kwa vyuo vyote. Baadaye kila chuo huleta fomu yake ya pili, yenye maswali ya kuandikia insha. Corliss alipata mbili, ya Tolliver na ya Wexmoor. Hapo ndipo niliporukaruka kama ndama nikakupigia simu kwamba wamemtaka.

Fomu hizo hutakiwa zirudi ndani ya wiki mbili, ukichelewa wanakuona huna haja nao. Siku ya mwisho ya Wexmoor, Corliss alizuiliwa na zamu ya kazi hospitalini. Akanipigia akasema mjomba, chukua jibu langu la Tolliver kwenye swali la kwa nini unataka chuo chetu, badilisha jina, tuma, na utani wako uweke mfukoni. Nikamwambia asinifundishe kazi, nimejaza makaratasi ya mizani kabla hajazaliwa.

Juzi Tolliver wakamkataa. Jana akasoma nilichowatumia Wexmoor, akapauka hadi midomo. Juu nilibadilisha. Chini, mara tatu, tumewaambia Wexmoor kwamba moyo wake hauko popote ila Tolliver! Akaniuliza taratibu kama niliwahi kumposa mwanamke kwa jina la dada yake. Akapiga simu Wexmoor, mama wa ofisini kamwambia fomu ikishatumwa haifunguliwi. Aandike barua ya kusahihisha, wakitaka wataisoma. Ameiandika mwenyewe, mlango kaufunga.

Wasalimie wote, na mchungaji mwambie asitangaze chochote Jumapili. Hakuchaguliwa. Fomu ya pili hupelekewa karibu kila mwombaji. Corliss alinieleza siku ileile niliyokupigia, nami nikanyamaza kwa kuwa ulikuwa unalia kwa furaha.

Kakako,
Verlin