Ugonjwa wa Assani Hauko Kwenye Mate

Mama yangu mupenzi,

Umeamukaje huko Wamaza? Yale magoti yanakuacha ulale? Na muhogo wa ng'ambo ya mto, umeshaung'oa? Mimi niko muzima. Baridi ya huku Ubelgiji ndiyo inanisumbua: navaa nguo tatu na meno bado yanagongana. Ucheke tu.

Uliuliza natumika kazi gani, maana majirani wanasema nimekuwa munganga wa lopitali. Sijakuwa, Mama. Iko mashini inapiga picha za ndani ya kichwa, kipande kwa kipande, kama mukate unakatwa. Sisi tunazungushia kila sehemu ya ubongo rangi yake, tunaonyesha ordinatere, ile kompyuta, picha nyingi nyingi, hadi inajifunza kuchora yenyewe. Kisha mimi napita nyuma kusahihisha, sawa na vile ulikuwa unapita nyuma yangu nikipalilia.

Juma lililopita ile ordinatere ilichora sehemu moja ndogo, inakaa ndani, usawa wa sikio, iko kushoto na kuume, nene kama kidole. Ilichora nzima, kwa sababu imezoea kuona nzima. Nikaangalia vizuri: ya upande wa kushoto ilikuwa imenyauka. Nikafuta, nikachora upya. Munganga wetu akaniambia, "Mwenye kichwa hiki anaanguka kifafa. Labda utotoni alipata homa kali, ikaacha kovu." Nikatoka inje, nikalia.

Mama, kichwa cha mudogo wangu Assani sijakiona, na kifafa kina sababu nyingi. Lakini nimeuliza mara mbili, mara tatu: hakiambukizi. Hakipiti kwa mate wala kwa povu. Ile sahani yake ya peke, anayoiosha mwenyewe na kuiweka inje ya jikoni, tulimuonea bure. Mutoto wako anakula peke yake na nyumba imejaa. Nakuomba akule bugali pamoja nanyi, mukono wake ndani ya sahani yenu. Kisha muende naye lopitali ya Kasongo. Iko dawa ya kila siku, inasaidia wengi wasianguke. Kwenye pikipiki akae kati yako na dereva. Unajua wewe mwenyewe, mficha maradhi kilio humuumbua.

Unisalimie baba mudogo fundi wa nguo, na shangazi anayeulizauliza nitaolewa lini. Mwambie bado.

Kuna neno moja nimeliogopa tangu mwanzo wa barua hii. Assani, mudogo wangu, najua ni wewe unamusomea Mama. Hapa usiruke. Siku ile uliungua mukono, niliambia watu kwamba nilikukuta umeshaangukia moto. Nilidanganya. Nilikuwa karibu, ningeweza kukuvuta. Niliogopa povu lako, nikarudi nyuma. Nakupenda, na ninaomba unisamehe.

Mama, akinyamaza hapo, usimuharakishe.

Mimi yaya yake, dada yake mukubwa, binti yako,
Feza