Mama Hakunenepa

Chumba cha cherehani,
Nyumbani.
Jumapili, 9 Machi

Mpendwa kaka yangu Kidevu,

Hujambo? Wifi yangu hajambo? Mapacha wameshaota meno? Na ule mgongo wako, umeacha kukusumbua? Nijibu ukweli, sio lile "tunamshukuru Mungu" lenu la hata mtu akiwa amelazwa. Mimi ni mzima, ila nina hasira, na nyingi ni zako.

Juzi ulimpigia Mama simu ya video. Ulipomwona amepungua ukapaza sauti: "Mama, mbona umekwisha hivyo? Hawakupi chakula?" Kisha ukaaga, ukaendelea na shughuli zako. Huku umeniachia balaa.

Nikueleze tangu mwanzo, maana hukuwepo. Mwaka jana Mama alianza kujaa mashavu, mikono, miguu. Mtaa mzima ukafurahi. Muuza mkaa akasema Mama kajaliwa watoto wa maana. Wewe ulipotumiwa picha ukajibu kwamba amenawiri, ukanipongeza. Na mimi ndiye mjinga mkuu. Nililifumua gauni lake la kijani mara tatu ndani ya miezi minne, nikilitanua huku naimba. Fundi niliyeshona miaka kumi na tisa, napima miili ya watu kila siku, sikujiuliza kwa nini hata viatu havimwingii.

Mpaka siku alipoishiwa pumzi kwa kufunga mlango tu. Daktari alimbonyeza mguu kwa dole gumba, shimo likabaki palepale kama kwenye unga uliokandwa. Yalikuwa maji, kaka. Moyo umechoka kusukuma damu, maji yakamjaa mwilini, nasi tukawa tunayashangilia.

Akapewa vidonge vya kutoa maji, akakatazwa chumvi, mwili ukaanza kupungua. Leo ni wiki ya sita. Anapanda ngazi mwenyewe, analala bila kuegemezwa mito. Lakini sasa hakuna anayempongeza. Mama Mdogo kaja na bakuli la mchuzi wa chumvi tele, eti amrudishie dada yake mwili. Wateja wangu wananong'ona kwamba namnyima mama yangu chakula. Hayo nimeyameza.

La kwako limenishinda. Tangu ile simu, Mama hamezi dawa. Nimevikuta vidonge vinne chini ya godoro, amevifunga kwenye kitambaa. Nilipomuuliza akanijibu kwa upole kabisa, "Mwanangu ameniona kama mgonjwa. Siwezi kumwaibisha huko aliko." Nililia kwa hasira. Mama anataka kuvimba tena ili wewe uridhike kwamba yuko salama.

Sitaki pole zako. Piga simu kesho, umtazame vizuri, umwambie amependeza. Mwambie hivyohivyo alivyo, na Mama Mdogo akiwepo, asikie naye. Mimi nimesema hadi nimechoka, ila Mama anakusikiliza wewe.

Nisalimie sana wifi, uwabusu mapacha. Yule binamu yetu mpishi mwambie picha yake nimeiona, mashavu yamemjaa, na kama viatu vinambana aende akapimwe. Mungu awalinde huko, awape afya ya kweli, sio ya kutazamwa.

Gauni la kijani nimelipunguza. Kitambaa kilichozidi nimekikata na kukitupa, kwa hiyo halitanuliki tena.

Wako akupendaye, hata leo,
Mdogo wako, Fundi