Mgongo Uliopona Kabla Yangu

4 Machi

Shangazi, shikamoo.

Barua hii isome peke yako, kisha uichane. Baba asijue, wala kaka. Nakusihi sana.

Huku sijambo, ila nimejaa aibu. Unakumbuka nilivyoteleza kwenye ngazi ya masjala nikiwa na majalada mikononi, nikaumia mgongo. Miezi tisa sasa sijainua kitu kizito kuliko kalamu. Daktari aliniandikia kazi nyepesi, na mizigo yangu yote hubebwa na mwenzangu, mama wa makamo tunayemwita Bi Mihuri.

Juzi mchana bomba lilipasuka darini nikiwa peke yangu. Nilihamisha maboksi kumi na moja mbio mbio, bila kusikia maumivu yoyote. Niliposhusha la mwisho ndipo nikaukumbuka mgongo, na papo hapo maumivu yakanikalisha chini, kwenye maji. Bi Mihuri akanikuta hapo.

"Nani kahamisha haya yote?"

"Mafundi," nikasema.

Shangazi, mimi ni mwongo? Maumivu nayasikia, naapa. Lakini nani ataniamini?

Mwanao

15 Machi

Mwanangu, marahaba.

Sisi hatujambo. Barua nimeichana, baada ya kuisoma mara mbili.

Nimekuwa muuguzi miaka thelathini, basi nisikilize. Nyama na mifupa vilishapona. Ubongo ndio uliojifunza kuumwa, na hakuna aliyeuambia kwamba hatari imepita. Kipandio cha tatu cha ngazi hapa nyumbani kilivunjika, kikatengenezwa mwaka juzi. Mguu wangu mpaka leo unakiruka. Je, mguu wangu ni mwongo? Siku ile ya maji ubongo ulikuwa na shughuli nyingine, ukasahau kukulinda.

Maumivu yako ni ya kweli. Uongo wako ni mmoja tu: mafundi. Kamwambie mwenzako.

Shangazi yako

29 Aprili

Shangazi, shikamoo.

Natumaini hujambo. Nisamehe kwa kimya changu. Wiki nne nilikwenda kazini na maneno yangu tayari, na wiki nne niliyameza. Kisha nikamwona Bi Mihuri anakaza mkanda wa kitambaa kiunoni, chini ya koti. Nikamwuliza. "Uzee tu," akasema. Nikamwambia yote.

"Kwa hiyo mafundi ni wewe?"

"Ndiyo, mama."

"Haya, fundi. Rafu ya chini hiyo hapo."

Hakucheka. Sasa ofisi nzima wananiita Fundi, nami naitika.

Mtaalamu wa mazoezi ya viungo hospitalini amenianzisha na jalada moja kwa siku, kisha mawili. Maumivu yakija, navuta pumzi, namalizia safari. Anasema ubongo hausadiki maneno, mpaka uone. Jana nilifika sita. Kazi nyepesi nimeomba mwenyewe ifutwe. Bi Mihuri yuko likizo ya ugonjwa tangu Jumatatu. Hakuniaga.

Ofisini usiandike, barua hufunguliwa. Tuma kwa mwenye duka la vitabu chini ya chumba changu, andika "Karani wa juu". Au piga simu dukani saa saba mchana, nikirudi kula, atanipigia mluzi nishuke. Ila mgongo wangu usiuulizie, ukiulizwa, huitika. Uliza wa Bi Mihuri.

Mwanao